Je, wajua? Kwa nini mtoto anayejua kusoma bado anahitaji kusomewa

Wazazi wengi tunaamini kumsomea mtoto ni kazi ya kile kipindi ambacho hajajua herufi. Akishajua unamkabidhi kitabu, unamwambia haya soma mwenyewe, na ukiendelea kumsomea utamdekeza, atakuwa mvivu. Mimi niliamini hivyo kabisa. Binti yangu alipofika darasa la pili akawa anasoma mabango ya barabarani, anasoma majina ya daladala, anasoma hadi maandishi ya pakiti ya sabuni, nikasema basi hapa kazi imeisha, nikamnunulia kitabu cha hadithi cha watoto kile chenye sura nyingi, kurasa zaidi ya mia na picha chache tu za kuhesabu. Wiki mbili baadaye kitabu kiko chini ya mto, kipande cha karatasi alichoweka alama kiko ukurasa wa tisa.

Nikajua hakipendi. Usiku mmoja umeme umekatika, tupo ndani ya neti na tochi ya simu, nikamwambia hebu nisomee. Akasoma vizuri mno, hakukwama hata silabi moja: paka akajikunyata pembeni ya jiko, asithubutu kusogea. Nikamuuliza, mama, kujikunyata ni kufanyaje? Akanijibu kwa uhakika kabisa, "Kujikuna." Na asithubutu? Kimya. Hapo nikavuta magoti kifuani, nikaingiza shingo mabegani, nikamwambia ndo hivi, paka alikaa hivi. Akacheka, akajaribu na yeye, halafu akairudia ile sentensi mwenyewe, ila safari hii sauti imeshuka kama mtu anayejificha.

Kumbe nilichokuwa naita kujua kusoma ni nusu ya kusoma. Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma kwa kuelewa ni mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Kinachonivutia ni kwamba hawakusema uyajumlishe, walisema uyazidishe. Ukizidisha kitu chochote kwa sifuri unapata sifuri.

Chukua kisima cha pampu ya mkono. Pampu ni ule uwezo wa kutamka kilichoandikwa, maji yaliyo chini ni lugha, yaani maneno anayoyajua mtoto, namna sentensi zinavyojengwa, mambo ya dunia aliyoyasikia. Pampu ikiwa mpya inang'aa lakini kisima kikavu, utasukuma mpaka mikono iume na ndoo itabaki tupu, na mtu anayepita mbali akisikia ile pampu inavyolia atajua mnachota maji. Ndo mimi nikimsikiliza binti yangu anatiririka. Upande wa pili, maji yamejaa tele lakini pampu imekatika, napo hupati kitu, huyo ni mtoto mwongeaji sana ambaye hajajua herufi. Sasa pampu unaifunga mara moja, mwaka mmoja au miwili shuleni imekamilika. Maji hayafungwi mara moja, yanapanda taratibu miaka na miaka, na yanategemea mvua. Kusomewa ni mvua.

Kwa sisi wa Kiswahili kosa hili ni rahisi zaidi kulifanya, kwa sababu lugha yetu inaandikwa karibu kama inavyotamkwa. Ukishajua ba be bi bo bu na wenzake unaweza kutamka neno lolote, hata la sheria, hata la uhandisi, bila kulielewa. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya, na wale wa Kifini au Kigiriki mwisho wa mwaka wa kwanza shuleni walikuwa wanasoma karibu maneno yote waliyopewa, wakati wa Kiingereza walisoma kama theluthi tu. Kiswahili hakikuwemo, ila kwa uandishi wetu naona sisi tupo upande wa Wafini. Pampu yetu inawahi, ndo maana inatudanganya mapema.

Na kwa nini kitabu, si maongezi tu ya jikoni? Kwa sababu vitabu vina maneno ambayo hatuyaongei. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walihesabu kwa Kiingereza, wakakuta vitabu vya watoto vina kama maneno adimu 31 kwa kila maneno 1,000, na maongezi ya watu wazima waliosoma chuo kikuu yana kama 17. Kitabu cha mtoto kinawazidi wasomi wakipiga stori! Hesabu ni ya Kiingereza, lakini jisikilize wewe mwenyewe nyumbani, mara ya mwisho kumwambia mtu "asithubutu" ilikuwa lini? Sisi tunasema "asijaribu". Tena kwenye kitabu cha picha, picha ingemwonyesha paka amekaaje. Kitabu cha sura kina maneno matupu, paka inabidi amtengeneze kichwani, halafu amkumbuke mpaka kesho usiku na keshokutwa.

Kuna mahali ushahidi ni mwembamba, tusivimbishe mambo. Tafiti nyingi za kusomewa ni za watoto wadogo ambao hawajaanza shule, na hata hao, Adriana Bus na wenzake walipokusanya tafiti mwaka 1995 waliona kusomewa kunaeleza kama asilimia 8 ya tofauti kati ya mtoto na mtoto katika lugha na kusoma. Sio kidogo, lakini asilimia 92 ipo kwingine. Kuna pia kauli kwamba mtoto anaelewa zaidi kwa kusikiliza kuliko kwa kusoma mpaka karibu darasa la saba au la nane, inatokana na kazi za Thomas Sticht wa Marekani, na hiyo nayo ni ya Kiingereza. Kwa mtoto wa Kiswahili macho huenda yakayafikia masikio mapema zaidi.

Sisi kile kitabu tulikianza upya. Mimi nasoma maelezo, yeye anasoma wanachosema wahusika, na kabla hatujafungua ananisimulia tuliishia wapi. Juzi mvua imepiga, tumesimama barazani, akamwona kuku wa jirani chini ya mkokoteni, akanivuta mkono: "Baba, kajikunyata."