Bledi: fimbo ya gofu isiyoficha kosa

Chomoa fimbo ya chuma namba 7 kwenye mkoba wa mchezaji stadi wa gofu, kisha utazame uso wa fimbo, upande unaogonga mpira. Vifereji vimelika mahali pamoja tu, doa lisilozidi upana wa sarafu. Kwingine chuma bado kinang'aa. Bila doa hilo, bledi haina maana yoyote.

Bledi ni fimbo ya chuma yenye kichwa kidogo, chembamba, kilichojaa chuma kitupu, na uzito wake mwingi umekaa nyuma ya pale mpira unapogongwa. Kinyume chake ni fimbo yenye mgongo uliochimbwa, ambapo chuma cha katikati kimepunguzwa na kupelekwa kandokando. Aliyeipa nguvu fikra hiyo kuanzia miaka ya 1960 ni Karsten Solheim, mhandisi mwanzilishi wa Ping, kampuni ya kutengeneza fimbo za gofu. Uzito ukiwa pembeni, kichwa hakijipindi ovyo mpira unapopigwa na ncha, kwa hiyo pigo bovu nalo hufika karibu na lilikokusudiwa. Bledi haina huruma hiyo. Ukikosea kwa upana wa kidole, uso unajipinda, mpira unaanguka mapema, na mikono inapata mtetemo ambao asubuhi ya baridi hutausahau.

Sasa kwa nini mtu aitake? Kwanza, kwa ajili ya umbali usiobadilika. Fimbo nyingi za kusaka umbali zina uso mwembamba unaobonyea kidogo na kuusukuma mpira kwa kasi, na mara mojamoja mpira huchomoka kuliko ulivyotarajia. Kwa anayeanza hiyo ni furaha. Kwa anayelenga bendera iliyo hatua chache kutoka ukingo wa nyuma wa grini (uwanja wa nyasi fupi wenye shimo), ni janga. Halafu kuna suala la namba. Namba 7 ya bledi huwa na mlalo (kiasi uso unavyoegemea nyuma; ukipungua, mpira huenda mbali zaidi) wa nyuzi 34 hivi, wakati ya kusaka umbali inaweza kuwa na 30 au pungufu. Anayejisifu kwamba namba 7 yake mpya inaipita ya mwenzake, mara nyingi ameshika namba 6 iliyoandikwa 7.

Umbo nalo lina mengi. Soli ya bledi, yaani upande wa chini wa kichwa, ni nyembamba, hupita kwenye nyasi bila kudunda, jambo zuri kwa anayegonga mpira kwanza na ardhi baadaye. Anayetangulia kugonga ardhi anahitaji soli pana iteleze, la sivyo fimbo inazama kama jembe. Shingo pia hutofautiana. Fimbo za wanaoanza huwa na uso uliorudi nyuma kidogo ya mstari wa mpini, ili uso upate muda wa kufunga, yaani kujigeuza kuelekea shabaha, na mpira usikimbilie kulia (kwa anayetumia mkono wa kulia). Stadi hataki msaada huo, kwani mara nyingi hofu yake ni mpira unaopinda kushoto.

Husemwa pia kwamba bledi ndiyo inayopindisha mpira upendavyo. Hapo nina shaka. Mpira hupindishwa na njia ya fimbo pamoja na mwelekeo wa uso, na mikono inayojua kazi itaupinda hata kwa fimbo pana kama mwiko. Kuhusu ule "utamu" wa chuma laini kilichofuliwa ukilinganisha na kilichosubiwa, sehemu kubwa tunaisikia kwa masikio. Faida iliyo wazi ni kwamba chuma laini hukubali kukunjwa nyuzi moja au mbili kwenye mashine, kichwa kikae sawasawa na urefu wa mchezaji.

Wala si wataalamu wote wanaobeba bledi tupu. Wengi huchanganya: mgongo uliochimbwa kwa namba 4 na 5, ambazo ni ngumu kuinua mpira, na bledi kuanzia 7 au 8 hadi 9.

Ukitaka kujipima, puliza poda ya miguu ya kopo kwenye uso wa namba 7 unayotumia sasa, piga mipira kumi bila kuifuta, kisha uhesabu madoa yaliyoangukia katikati.