Je, Wajua kwa Nini Kipimo cha Gini Huweza Kutulia Huku Pengo la Mapato Likipanuka?

Kipimo kinachotajwa zaidi panapojadiliwa tofauti za mapato ni kile cha Corrado Gini, mwanatakwimu wa Italia, aliyekieleza mwaka 1912. Hukokotolewa kwa mchoro uliobuniwa na Mmarekani Max Lorenz mwaka 1905: watu hupangwa kuanzia mwenye kipato kidogo hadi mwenye kikubwa, kisha hutazamwa kila fungu la watu linapata fungu gani la mapato yote. Jibu huwa namba moja baina ya 0, yaani wote wanapata sawasawa, na 1, yaani mmoja anachukua vyote.

Tuseme watu watano wana mapato ya 1, 2, 3, 4 na 10. Gini yao ni 0.4. Baada ya miaka kadhaa kila mmoja akipata maradufu, yaani 2, 4, 6, 8 na 20, Gini itabaki 0.4 ileile, ingawa pengo baina ya wa chini na wa juu limetoka 9 na kufika 18. Hesabu haikukosewa, kwa kuwa Gini hupima uwiano wa mafungu, si tofauti ya kiasi. Anayeitumia kudai kwamba hakuna kilichobadilika ameiuliza swali lisilo lake.

Kuna pia kinyume chake, nacho kwa maoni yangu ndicho hatari zaidi: namba kupanda kwa sababu upimaji umebadilika. Nchini Marekani, Gini ya kaya ilipanda kutoka takriban 0.43 mwaka 1992 hadi 0.45 mwaka 1993, lakini mwaka huo wa pili wanaohoji kaya kuhusu mapato yao waliacha karatasi wakaanza kutumia kompyuta, na kikomo cha mapato yanayoweza kuandikwa kikapandishwa, hivyo sehemu ya kipato cha matajiri iliyokuwa ikikatwa ikaanza kuhesabiwa. Mwaka mmoja haukutosha kuigeuza jamii kiasi hicho.

Hata dodoso bora huwakosa matajiri wakubwa, ambao ni wachache na mara nyingi hukataa kuhojiwa. Ndiyo maana wachumi Thomas Piketty na Emmanuel Saez waligeukia kumbukumbu za kodi ya mapato ya Marekani, zinazoanzia 1913, wakafuatilia fungu la asilimia 1 ya juu kwa miongo mingi. Ila kumbukumbu hizo nazo huonyesha tu kipato ambacho sheria ya kodi inakitambua, na sheria hiyo imebadilishwa mara nyingi.