Nicodemus, Kansas: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Wengi wanaosimulia habari za Nicodemus, kijiji cha Waamerika Weusi kilichoko kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa Kansas, hudai kwamba kilianzishwa na wakimbizi waliotangatanga bila mpango baada ya utumwa kukomeshwa, wakatua pale miguu ilipowachoka. Sivyo hata kidogo. Wimbi kubwa la Weusi waliohama majimbo ya Kusini liliingia Kansas mwaka 1879, ilhali Nicodemus ilikuwa imekwisha kuasisiwa mwaka 1877, chini ya kampuni iliyoongozwa na Mchungaji W. H. Smith, ambaye alikuwa Mweusi, akishirikiana na W. R. Hill, Mzungu aliyekuwa mfanyabiashara wa ardhi. Walioitikia wito wa kampuni hiyo, wengi wao kutoka Kentucky, walijua wanachokifuata: sheria ya mwaka 1862 ilimwezesha mtu kumilikishwa ekari 160 za ardhi ya serikali, mradi akae hapo na kuilima kwa miaka 5.

Wapo pia wanaodhani kwamba nchi ile ilikuwa jangwa. Ni uwanda wa nyasi, tawi la kusini la mto Solomon likipita karibu, na ngano inastawi huko hadi leo. Kilichokosekana ni miti. Kwa kukosa mbao na kuni, walowezi walichimba makazi yao ardhini, wakakoka moto kwa kinyesi kikavu cha nyati na mabua ya alizeti. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878 akitokea kituo cha reli cha Ellis, alisimulia jinsi alivyouliza kijiji kiko wapi, maana hakuona nyumba yoyote. Mumewe akamwonyesha moshi uliofuka hapa na pale kutoka ardhini, naye akaanza kulia. Matangazo yaliyowavuta watu yalikuwa yamepamba mno, na hilo ni kosa lisilostahili kufunikwa. Baadhi ya familia zilirudi zilikotoka. Akina Hickman walibaki.

Dhana inayoumiza zaidi ni ile isemayo kuwa kijiji kilififia kwa sababu wenyeji walishindwa kukiendesha. Edward McCabe, mkazi wa Nicodemus, alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima mwaka 1882, na kufikia 1887 palikuwa na magazeti mawili, benki, hoteli na maduka. Mwaka huohuo wapiga kura waliidhinisha dola 16,000 ili kuivuta reli ipite kwao. Hata hivyo, mwaka 1888 njia ya reli ilijengwa kusini mwa mto, na wafanyabiashara wakaifuata hadi Bogue, mji ulio kando ya reli hiyo.

Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 14, na kwa hiyo wengine husema kijiji kimekufa. Tangu 1996 Nicodemus ni eneo la kihistoria la taifa, na kila mwaka, mwishoni mwa Julai, vizazi vya walowezi wale hurudi kutoka majimbo ya mbali kusherehekea ukombozi wa mababu zao, kando ya ukumbi wa mawe ya chokaa uliojengwa mwaka 1939.