Namba ikikataa kugawanyika kwa 11, bado si lazima iwe tasa

Kwenye makundi ya kujisomea ya wanafunzi hapa Mbeya, Mwanjelwa hadi Uyole, kuna kanuni inayorithishwa kidato hadi kidato: jaribu kugawa kwa 2, 3, 5, 7 na 11, ikikataa yote, hiyo ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Kwa namba zilizo chini ya 169 kanuni hiyo ni kweli tupu. Zaidi ya hapo haina dhamana, maana 169 yenyewe ni 13 mara 13.

Chukua 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Inaenea kwenye kikokotoo cha tarakimu kumi. Inakataa 2, 3, 5, 7 na 11, inakataa 13, na inaendelea kukataa namba tasa 115 za mwanzo. Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini ni tasa, ingawa hakuwahi kuthibitisha. (Basi wa kidato cha pili asilaumiwe sana.)

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akatoa jibu: 641 × 6,700,417.

Hakuna haja ya kupapasa zote 115. Kigawo chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za mwanzo za aina hiyo ni chache: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu, na kikokotoo kinatoa namba nzima bila desimali.