Historia Hai Katika Nyumba za Enzi ya Ukoloni Marekani: Dhana Potofu na Ukweli

Nyumba nyingi zilizojengwa wakati makoloni 13 ya Amerika Kaskazini yalipokuwa chini ya Uingereza sasa ni makumbusho, na baadhi yake hupokea familia kwa programu za historia hai: mgeni huzungumza na mtu aliyevaa kama mkazi wa karne ya 18, husuka maziwa mpaka yatoe siagi, au hutazama chakula kikipikwa mekoni. Mtindo huu hata haukuasisiwa Marekani, kwani Skansen, makumbusho ya wazi ya Stockholm, ilifunguliwa mwaka 1891 ikiwa na wahudumu waliovaa mavazi ya kale. Kinachosumbua ni maelezo yasiyo na ushahidi yanayozunguka programu hizi, mengine yakirudiwa na wazazi kwa watoto wao papo hapo ukumbini.

Wengi hudhani kwamba wahudumu hao ni waigizaji waliokariri maneno. Baadhi yao wana kipaji cha uigizaji, lakini kazi yenyewe inategemea nyaraka: orodha za mali zilizoandikwa mtu alipofariki, madaftari ya maduka, barua, kesi za mahakamani, na mabaki yaliyofukuliwa katika mashimo ya takataka. Mgeni huuliza lolote, na jibu halimo katika mswada wowote. Wapo wanaojibu kana kwamba wanaishi zama zile, na ukiwatajia simu watakushangaa. Wapo pia wanaovaa mavazi ya kale lakini wakaeleza mambo kama watu wa leo. Katika makumbusho ya Plimoth Patuxet, Massachusetts, njia hizo mbili zimetumika mahali pamoja. Katika kijiji cha Waingereza wahudumu huzungumza kama watu wa karne ya 17, ilhali katika makazi ya Wawampanoag wahudumu, ambao wenyewe ni wenyeji wa asili, huzungumza kwa nafsi zao za leo. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, kwa sababu mtoto anayemsikia Mwampanoag akizungumzia jamii yake kwa wakati uliopo hawezi kuondoka akiamini kwamba watu hao walikwisha toweka.

Mekoni ndiko uvumi ulikoshamiri zaidi. Husemwa kwamba kuungua kwa sketi ndefu kulikuwa sababu kuu ya vifo vya wanawake, ikizidiwa na uzazi tu. Ajali za moto zilitokea, lakini waliouawa na maradhi ya kuambukiza walikuwa wengi mno kuliko walioungua, na dai hilo halina takwimu nyuma yake. Isitoshe, sufu na kitani, vitambaa walivyovaa, haviyeyuki na kushikamana na ngozi kama vitambaa vya plastiki vya leo, na sufu hushika moto kwa shida. Hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya wapishi wa makumbusho washikilie vitambaa vya asili.

Madai mengine hayahitaji maneno mengi. Vitanda havikuwa vifupi kwa sababu watu walikuwa mbilikimo: wanajeshi wazaliwa wa Amerika katika vita vya uhuru walikuwa na wastani wa karibu sentimita 173, karibu sawa na wanajeshi wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili. Kitanda huonekana kifupi kwa sababu ya nguzo zake ndefu, mito yake na godoro lake lililotuna. Wala kabati za ukutani hazikuachwa kwa kuogopa kodi. Watu walikuwa na nguo chache, nazo walizikunja na kuzitia sandukuni.

Dhana ngumu zaidi kuing'oa ni ile isemayo kwamba kila familia ilijitosheleza, ikilima, ikisokota na kushona kila ilichohitaji. Gurudumu la kusokotea nyuzi lililowekwa kando ya meko huichochea picha hiyo. Ukweli ni kwamba nyumba za watu wenye uwezo zilijaa bidhaa za mbali: vitambaa vya Uingereza, chai ya China, sukari na molasi za visiwa vya Karibi, zilizozalishwa na watumwa. Programu nzuri humwonyesha mtoto vyote viwili, kazi ya mikono na mtandao wa biashara. Chukua mfano wa mishumaa. Mtoto hupewa utambi uliofungwa kwenye kijiti, akauchovya katika nta iliyoyeyushwa, akautoa mara moja na kusubiri upoe kabla ya kuuchovya tena. Akifanya pupa na kuuacha ndani, nta iliyokwisha kuganda huyeyuka upya na mshumaa hukonda badala ya kunenepa. Baada ya mizunguko mingi hubaki na kitu chembamba kama kidole chake, na hapo huelewa, bila kuhubiriwa, kwa nini watu wengi walikaa jioni kwa mwanga wa moto tu. Tofauti moja yafaa aelezwe: mara nyingi makumbusho hutumia nta ya nyuki, ilhali nyumba nyingi za zamani zilitumia mafuta ya ng'ombe au kondoo, yaliyotoa moshi na harufu ambayo wazazi wachache wangeivumilia.

Si kweli pia kwamba kila unachokiona ni kile kile cha kale. Kasri la Gavana huko Williamsburg, Virginia, liliungua mwaka 1781, na lililopo sasa lilijengwa upya katika miaka ya 1930 juu ya misingi iliyofukuliwa. Kadhalika, vyombo ambavyo watoto huruhusiwa kuvishika kwa kawaida ni nakala. Hilo si udanganyifu, mradi mhudumu alitamke.

Lakini dhana yenye madhara makubwa kuliko zote ina sehemu mbili: kwamba utumwa ulikuwa jambo la Kusini, na kwamba hata hivyo ni mzito mno kwa siku ya familia. Huko Medford, Massachusetts, Isaac Royall aliyetajirika kwa sukari ya Antigua alihamia mwaka 1737 pamoja na watu aliowamiliki, na makazi yao bado yamesimama kando ya nyumba ya kifahari. Mmoja wa watu hao, Belinda Sutton, aliomba bungeni mwaka 1783 alipwe kutokana na mali ya familia ya Royall, akapewa pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka, kisha akalazimika kudai tena na tena malipo yalipokatika.

Katika nyumba ya kanali John Ashley huko Sheffield, Massachusetts, iliyojengwa mwaka 1735, viongozi wa mji waliandika mwaka 1773 tamko lililosema kwamba binadamu wote ni sawa na huru. Elizabeth Freeman alikuwa mtumwa katika nyumba hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba bibi wa nyumba alipoinua koleo la moto ampige msichana, Freeman alikinga kwa mkono wake, na kovu lake hakulificha maishani. Mwaka 1781 alikwenda mahakamani pamoja na Brom, mtumwa mwenzake, na wote wawili wakashinda uhuru wao na fidia ya shilingi 30. Mtoto wa miaka minane anaielewa hadithi hiyo vizuri kabisa: anajua maana ya kusema jambo na kutenda kinyume chake.

Uzito wa habari si sababu ya kuinyamazia, ila ni sababu ya kuchagua namna ya kuisimulia. Makumbusho ya Colonial Williamsburg, Virginia, ilianza mwaka 1979 kuwa na wahudumu weusi walioeleza maisha ya Waafrika wa mji huo, ambao mkesha wa vita vya uhuru walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi. Mwaka 1994 ilipoigiza mnada wa watumwa hadharani kulizuka maandamano, ingawa mmoja wa viongozi wa upinzani alibadili msimamo baada ya kuutazama. Mnada haufai kwa mtoto mdogo, kwa maoni yangu, lakini jiko linafaa: nani aliamka kuwasha moto, nani alikula baadaye, nani alilala juu ya sakafu hiyo.

La mwisho ni dogo lakini huharibu safari nyingi. Programu hizi haziendeshwi kila siku. Nyumba ndogo nyingi hutegemea watu wa kujitolea na hufungwa majira ya baridi, upishi wa mekoni huwa na siku zake, na nafasi za watoto hujaa mapema. Kabla ya kwenda, ulizia ratiba, umri unaolengwa, na kama habari za watumwa zimo katika ziara ya kawaida au zimetengwa katika ziara nyingine. Jibu la swali hilo la tatu litakueleza mengi kuhusu nyumba yenyewe.