AC haipoozi? Gesi yake haiishi kama mafuta ya bodaboda

Joto la Tabora la mwezi wa tisa na wa kumi mnalijua wenyewe, ndo AC nyingi zinaanza kupuliza hewa ya kawaida tu, fundi akija anashika bomba anasema "gesi imeisha bosi, tujaze". Jamani gesi ya AC haitumiki ikaisha, inazunguka humohumo kwenye mabomba yaliyofungwa, kompresa inaisukuma, inabeba joto la chumbani inaenda kulimwaga nje, inarudi tena, miaka na miaka. Ikipungua ujue kuna sehemu inavuja, na ukijaza bila kuziba utamwita tena na utalipa tena (yeye hana shida).

Kabla ya yote cheki rimoti, unakuta mtoto kaweka kwenye feni tu. Halafu filta, vumbi letu hili linaziba mpaka hewa haipiti, zima umeme, itoe uioshe kwa maji, ikauke ndo urudishe. Ile mashine ya nje nayo feni ikigoma kuzunguka mara nyingi ni kapasita (kale kakopo kanakotunza chaji ya kuanzishia feni) imekufa, hiyo usiiguse, inabaki na chaji hata umeme ukizimwa. Na kama kweli gesi imepungua, fundi akuonyeshe kwanza panapovuja kabla hajafungua mtungi wake.