Wingu la kofia si moshi: mawimbi ya hewa mlimani yanakokwenda na yanakoishia

Kila kipupwe maswali ni yaleyale, na mwaka huu yamezidi. Picha inaonyesha wingu laini, la mviringo kama sahani, limetulia juu ya Kibo au Meru tangu saa moja asubuhi, na chini yake maneno: mlima unafuka moshi. Kundi jingine la WhatsApp limeshaamua kuwa ni dalili ya tetemeko. Si moshi, si tetemeko, wala hakuna sababu ya kuhamisha mifugo.

Wingu lile limesimama, lakini hewa iliyomo inapita. Upepo ukigonga mlima hulazimika kupanda, hewa inapoa, mvuke unakuwa matone. Ikishavuka kilele, hewa hiyo ni nzito kuliko iliyo pembeni yake, basi inazama, inapitiliza, inasukumwa tena juu. Ukitazama kwa utulivu kutoka Sanya Juu utaona ukingo unaokabili upepo ukizaliwa upya huku wa pili ukiyeyuka.

Kupanda na kuzama huko kwa hewa ndiko wimbi la mlima, na sehemu ya nguvu za wimbi hilo hupanda angani. Hapa ndipo wengi, hata wasomi, wanapokosea: wanadhani linachoka kadiri linavyokwenda juu. Ni kinyume chake. Kwenye kimo cha kilomita 80 hewa ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mara 60,000, kwa hiyo nguvu ileile inatikisa hewa haba mno, na mtikisiko unakua, karibu mara tatu kwa kila kilomita 15 au 16. Mwishowe, aghalabu kati ya kilomita 60 na 100, wimbi hupinduka na kuvunjika, na msukumo wake huachiwa upepo wa huko. Misukumo hiyo ndiyo inayoendesha mzunguko wa hewa wa mesosfia, tabaka la anga la kimo hicho, hata ncha ya dunia iliyo kwenye kiangazi ikawa na baridi kali zaidi, huko juu, kuliko ncha iliyo gizani. Yanayonusurika na kuvuka kilomita 100 humalizwa na mnato wa hewa. Machache, marefu na ya kasi, hufika kilomita 200 na zaidi.

Mawimbi ya mlima wetu hayafiki huko kirahisi. Wimbi la mlima limefungwa na mlima wake, kwa hiyo likikuta tabaka ambako upepo umelala au unageuka, linamezwa. Nasi wa karibu na ikweta tuna upepo wa stratosfia, tabaka lililo chini ya mesosfia, unaogeuka kati ya mashariki na magharibi, mzunguko mzima ukichukua miezi 28 hivi. Yanayopenya zaidi hutoka kwenye mvua za radi, za masika na zile za Ziwa Viktoria, maana yana mwendo wake yenyewe.

Wapo pia wanaodai kuwa mawimbi haya yanakata mtandao wa simu. Jamani, mnara wa simu hauhitaji kilomita 200 za anga. Redio za masafa mafupi na vipimo makini vya GPS ndivyo vinavyoweza kuguswa.

Anayepaswa kujali wimbi la mlima ni rubani. Akikutana na msukosuko mkali, au hewa inayoshuka kwa mita 3 kwa sekunde au zaidi, hutoa taarifa maalumu kwa mwongoza ndege, nayo hufikishwa kwa kituo cha uangalizi wa hali ya hewa. Kituo kikijiridhisha hutoa SIGMET, yaani tahadhari ya hali ya hewa hatari kwa ndege, yenye jina la eneo, kimo cha chini na cha juu, mwelekeo wa tukio, na muda usiozidi saa 4. Muda ukiisha na hali bado ipo, hutolewa nyingine. Hali ikitulia mapema, hufutwa rasmi. Kutokuwepo kwa SIGMET hakumaanishi safari haitatikisika.

Na wale wanaotunga tahadhari zao na kuzisambaza: Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Na. 2 ya mwaka 2019, imeipa Mamlaka hiyo jukumu la kutoa utabiri na tahadhari kwa umma, pamoja na adhabu kwa wakiukaji. Kupiga picha ya wingu si kosa. Mkitutumia, andikeni saa, mahali mliposimama na upande mnaoelekea. Bila hayo haitusaidii kitu.